Pembetatu Yenye Matundu Mawili

Nilikuwa kwenye shimo la nne la nguzo za uzio, mtaimbo ulipolia. Mtaimbo ukigonga jiwe hutoa sauti fupi, kavu, inayofia palepale. Ukigonga chuma, hata kilicholiwa na kutu, sauti huwa na mkia, na mtetemo wake hupanda mpaka viganjani. Nikauweka pembeni, nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa mikono. Uzio ule nilikusudia kuumaliza kwa siku mbili. Umechukua ngapi, sitasema.

Kilichotoka kilikuwa bonge la udongo na kutu lililojaa kiganja. Nililitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikalisugua kwa mswaki mkuukuu, na polepole pembetatu ikajitokeza: bapa, nyembamba kama milimita tatu, upana wa vidole vinne. Kwenye kitako palikuwa na matundu mawili ya duara. Pande mbili zilizoelekea mbele zilikuwa na dalili za makali.

Mkuki, nikajiambia. Na kwa siku tatu ulibaki kuwa mkuki. Niliuweka dirishani, nikawa naupitia asubuhi na jioni, nikimwazia mwenyewe aliyeuangusha, alikuwa anakimbia au anakimbiza. Najua si mimi peke yangu. Kila anayefukua kitu kilichochongoka hutaka kiwe silaha. Hakuna anayefukua bawaba ya lango akapandwa na mapigo ya moyo.

Siku ya nne dada yangu mdogo akaja. Yeye vyuma havimhusu hata kidogo. Alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshikishwa panya aliyekufa, akakigeuza mara mbili.

"Kaka, mkuki gani huu usio na ncha?"

"Imekatika."

"Haijakatika. Imenyooka. Imekatwa hivi hivi tangu kiwandani." Akakigeuza tena. "Na mbona makali yake yamenolewa uso mmoja tu?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia, akanawa mikono, akasema ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno, akaenda zake.

Maswali yake mawili ndiyo yaliyonifundisha kazi hii ya kutambua vyuma vinavyotoka ardhini. Mimi nilikuwa nimejiuliza kitu kile kinafanana na nini. Yeye aliuliza kwa nini kimekuwa hivyo. Kufanana ni mwalimu mbaya sana, kwa sababu chuma kina maumbo machache na kazi zake ni nyingi mno. Pembetatu inaweza kuwa kichwa cha mshale, kabari, kipande cha bawaba, au takataka iliyobaki baada ya kukata bati. Umbo la jumla halisemi. Kinachosema ni mahali kiliposhikwa na mahali kilipolika.

Tuanze na kushikwa. Mkuki hushikwa kwa njia mbili: ama una mkia unaochomekwa ndani ya mti, ama una bomba linalomeza mti. Matundu mawili yaliyo sambamba kwenye kitako bapa ni habari nyingine kabisa. Hayo ni ya ribiti au bolti, na maana yake kipande kililazwa juu ya bapa lingine na kubanwa kisicheze. Tundu moja lingekiacha kizunguke, mawili yanakikataza. Basi hakikuwa kikichoma wala kurushwa. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitu kikubwa zaidi yake, pengine na wenzake wengi.

Halafu makali. Kisu cha kuchoma au kukata peke yake hunolewa pande zote mbili, makali yakae katikati ya unene. Kinachonolewa upande mmoja na kuachwa bapa upande wa pili ni kile kinachokatia juu ya kitu kingine, kama nusu ya mkasi. Ule upande bapa unateleza juu ya mwenzake. Ukishaona hivyo, pembetatu yangu inaacha kuwa mkuki na kuwa nusu ya mkasi uliopoteza nusu yake ya pili.

Jina likaja baada ya hapo, na likaja upesi. Ni jino la mashine ya kukatia nyasi au nafaka, ile iliyovutwa na farasi au ng'ombe kabla ya matrekta, na ambayo baadhi ya matrekta bado huibeba ubavuni. Meno kama hili hupangwa kwa ribiti juu ya upau mrefu wa chuma, moja baada ya jingine, na upau mzima hukimbia kushoto na kulia katikati ya vidole vya chuma vilivyochongoka. Jani likiingia kati ya jino na kidole, limekwisha. Obed Hussey, Mmarekani aliyepata hataza ya mashine yake ya kuvuna mwaka 1833, alitumia mpango huu huu wa pembetatu zinazopita ndani ya vidole vyenye mwanya. Cyrus McCormick alifuata na hataza yake mwaka 1834, wakagombana miaka mingi juu ya nani alitangulia. Nafasi ya kawaida kutoka kidole hadi kidole ikaja kuwa inchi 3, yaani milimita 76. Nikakimbilia rula. Kitako cha mkuki wangu kilikuwa na milimita 75 na kidogo, kutu ikiwa imekula ukingo.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo hata sasa linaniuma. Kwa furaha ya kulijua jina, nililitaka jino ling'ae. Nikachukua grainda, nikaweka brashi ya waya, nikalipitishia upande wa juu. Karibu na tundu la kushoto palikuwa na kivimbe kidogo cha kutu ambacho nilidhani ni uchafu tu. Kiliporuka, kwa sekunde moja niliona mstari wa herufi zilizogongwa kwenye chuma: tatu, labda nne. Mkono haukuwahi kusimama. Pale ilipokuwa anwani ya mtengenezaji sasa pana doa jeupe linalong'aa vizuri sana.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Hiyo ndiyo sababu vitu vinavyotoka ardhini huwa vimevimba, vimeshika kokoto na mchanga, hata havieleweki. Uso wa asili wa kifaa, wenye mihuri na alama zake, mara nyingi hauko chini kabisa penye chuma kizima; uko katikati ya gamba lenyewe. Ukisugua mpaka uone chuma cheupe umeshaupita. Wahifadhi wa makumbusho hupiga picha za eksirei kabla hawajagusa kitu, na wakati mwingine bonge lisilo na umbo huonyesha ndani yake kufuli kamili pamoja na springi zake. Sisi wengine hatuna eksirei, lakini tuna subira, au tunapaswa kuwa nayo.

Siku hizi naanza na maji na mswaki, basi. Kikikauka nakiweka chini ya taa iliyolala ubavuni, mwanga ukisafiri sambamba na uso wake, kwa sababu mwanga wa juu huzima kila kivuli na herufi ni vivuli tu. Wakati mwingine natandika karatasi nyembamba na kuisugua na penseli, na tarakimu ambayo jicho halikuiona huibuka yenyewe. Ninapoamua kuitoa kutu kweli, natumia siki, nikichungulia kila baada ya saa chache, maana siki ikimaliza kutu haiachi kula. Inaendelea na chuma. Kuna na njia ya umeme: kifaa unakining'iniza kwenye maji yaliyotiwa magadi ya kufulia, unakifunga upande hasi wa chaja ya betri, na upande chanya unafunga kipande cha chuma cha kutupa. Ni njia nzuri, haili chuma kizima. Ila ifanyie nje, kwa kuwa inatoa hidrojeni, na kile chuma cha kutupa kisiwe kijiko wala sufuria isiyoshika kutu, kwa sababu kromu iliyomo hugeuka sumu ndani ya maji.

Turudi kwenye kutambua. Baada ya kushikwa na kulika, naangalia kimetengenezwaje. Kuna chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, na kuna chuma cha kufua, kilichopigwa nyundo kikiwa moto. Cha kusubu huwa na mstari mwembamba ulionyanyuka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na uso wake una chembechembe za mchanga uliokuwa kalibuni. Herufi zake huwa zimevimba kwa nje. Kikivunjika huvunjika ghafla, na jeraha lake ni la kijivu lenye punje kama sukari. Ndani yake mna kaboni asilimia 2 hadi 4, na hiyo ndiyo inayokifanya kigumu na chepesi kuvunjika. Kwa hiyo ukipata kipande kinene cha chuma kilichovunjika katikati bila kupinda hata kidogo, anzia hapo: kitako cha mashine, gurudumu la meno, mguu wa jiko, kipande cha sufuria.

Cha kufua cha zamani ni kitu kingine, na mimi nakipenda kupita kiasi. Kina kaboni kidogo mno, lakini ndani yake zimebaki nyuzi za taka za tanuri zilizovutwa na nyundo. Kikikaa ardhini miaka mingi, kutu hufuata nyuzi hizo, na chuma huchambuka kama mti uliooza. Nilipokiona mara ya kwanza niliapa ni kipande cha mbao, mpaka sumaku ikakidaka. Ukiona chuma chenye nyuzi za mti, yaelekea mikononi mwako una kitu cha enzi ambayo feleji, yaani chuma cha pua, ilikuwa ghali. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, feleji ikaanza kushuka bei, na chuma cha nyuzi kikasukumwa pembeni kidogo kidogo.

Kabla ya hapo mhunzi aliitumia feleji kama mpishi anavyotumia zafarani. Kichwa kimoja cha shoka nilicholetewa na mtu aliyekifukua kwenye shina la mti kilikuwa na ufa mwembamba uliopita sambamba na makali, kama sentimeta nne nyuma yake. Mwenyewe alidhani kimepasuka. Nilisugua sehemu ndogo kwa msasa laini, nikaweka pamba yenye siki, nikangoja. Baada ya muda mfupi upande wa makali ukawa mweusi zaidi na mwili ukabaki wa kijivu hafifu. Haukuwa ufa. Ni pale ulimi wa feleji ulipochomekwa na kuunganishwa kwa moto na nyundo ndani ya mwili wa chuma laini: feleji pale tu inapokata, chuma cha bei nafuu kwingine kote. Yule bwana alikuja akitaka kujua kama kinafaa kuchomelewa. Hakuchomelea.

Sumaku naitaja kwa haraka kwa sababu kila mtu anayo: ikivuta, ni chuma au feleji; isipovuta, fikiria shaba, shaba ya manjano, risasi, alumini. Kijiko cha feleji isiyoshika kutu mara nyingi hakivutwi, na feleji hiyo ni mtoto wa juzi, iliingia madukani baada ya kazi ya Harry Brearley kule Sheffield mwaka 1913. Alumini nayo ilikuwa bidhaa ya fahari mpaka mwaka 1886, Hall na Héroult walipopata, kila mmoja kivyake, namna ya kuitoa kwa umeme. Kwa hiyo ni vigumu chombo cha kawaida cha alumini kiwe cha kabla ya hapo, hata kikizama ardhini kiasi gani.

Kuzama, kwa njia, si ushahidi mkubwa kama tunavyodhani. Plau hugeuza udongo sentimeta 20 hadi 30 na kuchanganya karne zote zilizomo. Panya-buku hushusha, mizizi hupandisha. Kina kina maana pale ardhi haijawahi kuguswa, na hapo ndipo panapotakiwa mtu kuacha mtaimbo. Kitu kilicholala pamoja na vingine, kwenye majivu, vigae, mifupa, usikichomoe. Kipige picha kikiwa mahali pake, na uwaite wanaohusika na mambo ya kale. Nchi nyingi zina sheria juu yake, na thamani ya kitu kama hicho iko kwa majirani zake ardhini zaidi ya mwenyewe.

Sasa bolti. Wengi huzitupa, nami nilizitupa mpaka nilipojifunza kuhesabu nyuzi zake. Zamani kila karakana ilikata nyuzi zake kwa kipimo chake, na nati ilikuwa ya bolti yake tu, kama ufunguo na kufuli. Joseph Whitworth akapendekeza mwaka 1841 kipimo kimoja kwa Uingereza nzima, pembe ya nyuzi ikiwa digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers akaleta chake Marekani, digrii 60. Bolti ya nusu inchi ni mahali pazuri pa kuuona ugomvi huo. Weka rula, hesabu mabonde ndani ya inchi moja, milimita 25.4. Yakiwa 12, ni ya Whitworth. Yakiwa 13, ni ya Kimarekani. Yakiwa 14 na nusu hivi, unashika bolti ya milimita 12 ya vipimo vya metriki. Bonde moja tu, na limekueleza mashine ilizaliwa kwenye desturi ya nani. Na kama kichwani imeandikwa 8.8 au 10.9, irudishe kwenye boksi la vifaa. Hizo ni alama za nguvu ya bolti za kisasa, imedondoka kwenye gari la mtu.

Misumari nayo ina kalenda yake. Wa mhunzi ni wa mraba, unakonda pande zote nne, na kichwa chake kina nyuso chache zisizolingana, kila pigo la nyundo na uso wake. Uliokatwa na mashine kutoka kwenye bamba, ulioanza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, hukonda pande mbili tu. Wa duara, wa waya, ndio uliotawala kuanzia mwisho wa karne ya 19. Skrubu ya mbao isiyo na ncha, butu mwishoni, kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya karne hiyo. Seremala alilazimika kuitobolea njia kwanza.

Kuna matundu yanayosema zaidi ya mengine. Tundu la mraba kwenye bamba nene, lililopanuka kwa juu, lilimeza shingo ya mraba ya bolti ili isizunguke wakati nati inakazwa upande wa pili, na kichwa kikazama kisikwaruze udongo. Hilo karibu kila mara ni plau. Angalia sasa lilivyolika: udongo hung'arisha uso mmoja na kuuacha mwingine, hivyo utajua hata ilikuwa ikigeuza kulia au kushoto. Tundu la mpini lenye umbo la yai hukataza mpini kuzunguka. Kama ni pana juu na jembamba chini, mpini ulipitishwa kutoka juu na kichwa kikawa kinajikaza chenyewe kila kinapotupwa, ndivyo sururu zilivyo. Kitako kilichochanua kama uyoga kilipigwa nyundo maisha yake yote: kabari, tindo, patasi ya mawe. Na kibamba kilichopinda kama alama ya mkato, chenye vitundu pembeni, ambacho watu hukigeuza mpaka wakate tamaa, ni kiatu cha ng'ombe. Ng'ombe ana kwato mbili kila mguu, kwa hiyo dume la plau likivalishwa kikamilifu lilivaa viatu 8. Ukipata kimoja, saba viko mahali.

Kinachoharibu hesabu zote hizi ni kwamba chuma hakikutupwa ovyo. Shimo la sita lilinipa bapa refu lenye makali upande mmoja. Kisu, hakuna ubishi. Lakini kwenye ubavu wake, chini ya kutu, kulikuwa na mistari myembamba mno iliyokatana kwa mshazari. Meno ya tupa. Mtu aliichukua tupa iliyoisha, akaipasha moto, akaipiga mpaka ikawa kisu, na hakujisumbua kufuta meno yote. Je, niandike tupa au kisu? Niliandika vyote viwili kwenye kijitabu, kwa mpangilio huo. Wahunzi hawakupoteza feleji nzuri, na springi za magari zimeendelea kugeuzwa mapanga na majembe, kwa hiyo yule wa baada yetu naye atakuwa na kazi.

Neno moja la usalama, na nalisema kwa ukali kidogo. Ukikuta silinda nzito yenye pua ya mviringo, hasa ikiwa na mkanda wa shaba kiunoni, usiiguse, usiigonge, usiipeleke nyumbani uioshe. Ondoka, weka alama kwa mbali, waite polisi. Wakulima wa Ubelgiji na Ufaransa bado wanaopoa makombora ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila msimu wa kulima, na umri hauyapoozi. Pepopunda nayo haitokani na kutu kama tulivyoambiwa utotoni. Bakteria wake wanaishi udongoni, na msumari unawapa tu njia ya kuingia ndani. Chanjo ipo. Glavu zipo.

Shimo la saba lilikuwa na mawe mengi, nikalichukia. Jioni, mtaimbo ukalia tena kwa ile sauti yenye mkia, na safari hii sikuharakisha. Nilikifukua kwa kijiti. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, urefu wa shibiri moja, kinene nyuma chenye tundu la bolti, kimechongoka mbele kama mdomo wa ndege. Kati ya tumbo na mgongo palikuwa na mwanya uliojaa udongo mkavu. Mstari wa kalibu ulipita ubavuni mpaka kwenye ncha. Nikaujua mwanya ule kabla ya kuutoa udongo.

Dada alikuwapo siku hiyo, amekaa kizingitini anamenya simu yake kwa kidole gumba. Nikalileta jino kutoka dirishani, nikalitelezesha ndani ya mwanya. Liliingia na kubakiza nafasi ya unene wa kucha. Nikalisukuma kulia, nikalirudisha kushoto. Likakwama kidogo penye kutu, likapita.

Akainuka, akachuma jani la nyasi penye ukingo wa shimo, akalichomeka kati ya jino na kidole bila kusema kitu. Nikasukuma. Jani halikukatika. Lilikunjwa tu, likabaki limebanwa pale.

"Linoe," akasema.

Nikaitazama grainda iliyokuwa mezani, nikalitia jino mfukoni.